Mwenye mikono myembamba naye apande

Najua nimepotea. Kazi za kukusanya zilinikaba koo, mtandao nao ulikuwa na mambo yake, lakini nimerudi, na nimerudi na ubishi.

Ubishi wenyewe umezaliwa nje ya hosteli huku Tunguu, siku mwenzetu mmoja alipokuwa akituonesha kwenye simu video za kupanda ukuta za Olimpiki ya Paris 2024. Kwa wasioujua mchezo huu: ni ukuta wa kutengenezwa, umebandikwa vishikio vya rangi rangi, vingine vikubwa kama embe dodo, vingine vidogo hata ncha ya kidole haienei sawasawa, na mtu anapanda kutoka chini hadi juu kwa mikono na miguu yake. Ukuta mrefu anafungwa kamba, ukuta mfupi anawekewa magodoro mazito chini. Olimpiki uliingia mara ya kwanza kwenye michezo ya Tokyo 2020, ile iliyochezwa 2021 kwa sababu ya korona. Basi yule mwenzetu, mtoto wa kike, mwembamba, akasema tu kwa hamu yake: "Mie huu natamani nianze."

Loo! Vijana wa kupiga chuma wakamrukia. "Wewe? Na mikono hiyo? Nenda kwanza kajivute bombani mara 10, ukiweza ndo uje utwambie habari za kupanda." Vicheko. Mwenzetu akatia simu mkobani, mazungumzo yakahamia kwenye mpira.

Mie sikuyameza, na ndiyo sababu ya posti hii. Hoja yangu ni fupi: hiyo kauli ya "katafute nguvu za mikono kwanza" ni uongo. Ni uongo kwenye ukuta wa Paris, na ni uongo zaidi hapa Unguja, kisiwa ambacho watu wamekuwa wakipanda minazi na mikarafuu tangu enzi za mababu na hakuna aliyepitia jimu kwanza.

Hebu nendeni mashamba ya viungo ya Kizimbani au Kidichi mkamwangalie mkwezi. Usiangalie anachoimbia wageni, angalia mwili wake. Je, ana kifua cha jimu? Hana. Wengi ni wembamba, mikono ya kawaida kabisa, na wengine ni wazee ambao ukikutana nao barabarani utampokea mzigo. Sasa angalia anavyofanya. Anachukua kipande cha kamba ya usumba, anakifunga kitanzi, anatia miguu yote miwili ndani. Ile kamba inaizuia miguu isiachane, nyayo zinaubana mti kwa pande mbili. Anakumbatia mti kwa mikono, anakunja magoti mpaka karibu na kifua, nyayo zinabana upya pale juu zilipofika, halafu ANASIMAMA. Basi. Mikono inasogea juu, magoti yanakunjwa, anasimama tena. Ukimtazama haraka unaona mtu anajivuta. Ukimtazama taratibu unaona mtu anachuchumaa na kusimama, anachuchumaa na kusimama, mpaka anafika kwenye makuti.

Nilimuuliza babu mmoja mkwezi, baada ya shikamoo na marahaba na kuulizana habari za nyumbani, mikono haichoki? Akanicheka. "Mjukuu wangu, mkono wa kukamatia tu. Anobeba ni mguu." Kisha akanionesha magamba ya nyayo zake, magumu kama ngozi ya ngoma, na viganja vyake, ambavyo vilikuwa laini kuliko nilivyotarajia.

Na kuna minazi mingine ambayo imekatwa vipengee kwenye shina, mguu unaingia humo. Hivyo vipengee vinaitwaje? VIDATO. Ndiyo, wadau, kidato. Hilohilo neno ambalo sote tumelipita, kidato cha kwanza, cha pili, hadi cha nne na cha sita. Waliolitia neno skuli waliona kusoma ni kama kukwea mnazi, unakanyaga kipengee kimoja unakwenda cha pili. Na kidato hakishikwi, kinakanyagwa. Lugha yetu wenyewe imeshamaliza ubishi, sie tunakwenda kuubishia kwenye bomba la kujivutia.

Sasa tuje kwenye ukuta wa ndani, maana wengine watasema mnazi ni mnazi na ukuta ni ukuta. Kweli, si kitu kimoja. Kwenye mnazi mwendo ni mmoja kuanzia chini hadi juu, kwenye ukuta kila hatua ina fumbo lake: kishikio kiko kushoto, mguu uko kulia, mwili uweke wapi? Lakini sheria ya uzito ni ileile. Mimi mwenyewe ukuta wa ndani nimeupanda Nairobi, likizo niliyokwenda kwa mama mdogo, mara nne, na mikono yangu ni kama vijiti vya fagio la chelewa. Niliyoyaona pale ndiyo yanayonipa jeuri ya kuandika. Waliokuwa wakichoka upesi kuliko wote ni wanaume wenye misuli waliokuja siku ya kwanza. Wanakamata kishikio kwa hasira, wanakunja mikono, wanajivuta juu, miguu inaning'inia tu kama nguo kwenye kamba. Dakika 10, vigasha vimekuwa mawe, hata kufungua kifuniko cha chupa ya maji hawawezi. Kijana aliyekuwa akishika kamba alikuwa na maneno mamoja tu kwa kila mtu: "Angalia miguu, siste. Angalia miguu, bro."

Sababu yake si ya siri. Ukikamata kitu kwa nguvu kwa muda mrefu, misuli ya kigasha inajibana na kuziba mishipa ya damu iliyomo ndani yake. Damu haipiti vizuri, uchovu haupati pa kutokea, na vidole vinafunguka vyenyewe utake usitake. Kwa hiyo mwenye nguvu nyingi anayezitumia zote kila hatua anaanguka kabla ya mwenye nguvu kidogo anayezibania. Mguu ni mnyama mwingine kabisa. Mguu umezoea kubeba mwili wako mzima tangu ulipokuwa na mwaka mmoja. Ukipanda ghorofa ya nne ya darasa hakuna anayekuuliza kama umefanya mazoezi kwanza.

Na kwa sie wanawake hesabu ni hii. Kwa wastani nguvu za mikono na mabega ya mwanamke ni kama nusu hadi asilimia 60 ya zile za mwanamme. Miguuni pengo linapungua, tunafika karibu asilimia 70. Na mwanamke kwa kawaida ana mwili mwepesi zaidi wa kuubeba. Kwa hiyo mtu akikwambia kupanda kunaanzia mikononi, jua amekuchagulia uwanja ule ambao yeye amekuzidi sana. Hamishia mchezo miguuni uone.

Mfano mkubwa kuliko wote ni Lynn Hill, Mmarekani, mwanamke mfupi asiyefika sentimita 160. Kule Yosemite, California, kuna jabali linaitwa El Capitan, na njia yake maarufu inaitwa The Nose, karibu mita 900 za mwamba uliosimama wima. Watu walikuwa wakiipanda tangu 1958, lakini kwa kujivuta kwenye vyuma walivyovigongomea. Kuipanda kwa mikono na miguu mitupu, kamba ikiwa ya kukinga tu mtu asianguke, wanaume wenye mikono minene walijaribu wakashindwa. Mwaka 1993 Lynn Hill akaimaliza, mtu wa kwanza duniani, si mwanamke wa kwanza. Mwaka uliofuata akairudia ndani ya siku moja. Kuna sehemu ambako ufa ni mwembamba kiasi kwamba vidole vyake vidogo viliingia, vya wale wakubwa havikuingia.

Ili nisiambiwe nachagua ya kunifaa tu: udogo nao una gharama yake. Hapo hapo Paris 2024, Ai Mori wa Japani, ambaye ana kama sentimita 154, alishindwa kabisa kukifikia kishikio cha kuanzia kwenye ukuta mmoja mfupi. Akaruka, akaruka, wapi. Duniani kote watu wakabishana kama waliotengeneza ule ukuta walimtendea haki. Lakini jueni kwamba pamoja na hayo alimaliza wa nne. Wa NNE kwenye Olimpiki, na ukimsimamisha na vijana wetu wa chuma anawafika mabegani.

Na wanaosema "nguvu hazihitajiki kabisa" nao waongo. Ukifika kwenye ukuta ulioinama kukujia kichwani, mikono itatakiwa, utake usitake. Ninachopinga ni mpangilio. Wao wanasema nguvu kwanza, kupanda baadaye. Mie nasema panda kwanza, kwenye ukuta uliosimama wima au uliolala kidogo kwa nyuma, vishikio vikubwa, na nguvu zitakuja humohumo.

Sasa kwa yule mwenzetu, na kwa wengine walionitumia ujumbe wakiuliza "nianze vipi", hapa nitakaa kidogo.

Kanyaga kwa ncha ya mguu, upande wa kidole gumba, usikanyage kwa katikati ya wayo. Ukikanyaga kwa ncha unaweza kugeuka, ukikanyaga kwa katikati umejifunga. Kabla ya kuutia mguu, utazame mpaka utue. Watu wengi wanatazama mikono muda wote na miguu wanaiachia ijitafutie. Mikono inyooshe. Mkono ulionyooka unaning'inia kwenye mifupa, mkono uliokunjwa unaning'inia kwenye misuli, na mifupa haichoki. Nyonga ziwe karibu na ukuta, maana makalio yakitoka nje uzito wote unahamia vidoleni (mtu akiwa amevaa suruali pana na kanzu fupi juu yake hakuna kinachoonekana, dada zangu msiogope, Wairani wamekuwa wakishindana kimataifa kwa miaka na mitandio yao kichwani). Unapotaka kufika mbali, usijivute: tafuta pa kukanyaga juu zaidi, kunja goti, SIMAMA. Yaani mnazi uleule. Na ukipata pa kusimama vizuri, pumzika. Acha mkono mmoja, uteremshe chini, utikise, badilisha. Mwenye mikono dhaifu hujifunza kupumzika mapema kuliko wengine kwa sababu hana hiari, na hiyo ni faida.

Vidole sasa, na hapa naomba mnisikilize. Misuli inakua ndani ya wiki chache, lakini kano zinazoshikilia vidole zinachelewa sana, miezi kwa miezi. Kwa hiyo mwanzo usining'inie kwenye vishikio vidogo hata kama unajiona unaweza. Siku mbili kwa wiki zinatosha, na baina yake pumzika siku mbili. Kidole kikianza kuuma kwenye pingili, shuka.

Nyumbani, pasipo ukuta wowote, fanya haya. Lala chini ya meza imara (si zile za plastiki za mgahawani, tafadhali), kamata ukingo, mwili ukiwa umenyooka jivute mpaka kifua kifike mezani. Ikiwa kujivuta bombani huwezi hata mara moja, na wengi wetu hatuwezi, panda juu ya kiti ukiwa tayari umefika juu ya bomba, halafu jishushe polepole kwa kuhesabu hadi 5 au hadi 10. Mara tatu nne, basi. Kujishusha kunajenga nguvu zilezile na mtu dhaifu anaweza kuanza siku ya kwanza. Miguu: chuchumaa na usimame kwa mguu mmoja huku umeshika mlango. Na simama kwa ncha za vidole kwenye ngazi ya hosteli, dakika moja, kila unapopita. Watakuona mwehu. Sawa tu.

Jambo moja la kuwaonya, maana nawajua. MSIENDE kujaribu kwenye kuta za Mji Mkongwe. Zile nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, chokaa yenyewe imekula chumvi na mvua miaka na miaka, jiwe linaweza kukutokea mkononi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib iliporomoka bila kuguswa na mpandaji yeyote, na watu wawili wakafa. Wale watoto wa Forodhani wanaoruka baharini jioni na kupanda tena ukuta wa bandari, wao chini yao kuna maji. Nyinyi chini yenu kuna mawe na pengine meza ya mtu ya urojo.

Haya, mpaka hapa nimezungumza habari za mchezo. Sasa nasema lile linaloniuma hasa, na ndilo lililonifanya nisimwache babu wa Kizimbani aende zake.

Ukuta wa mashindano ya mbio za kupanda kule Olimpiki una mita 15. Mnazi mrefu wa kwetu unafika mita 20 na kuupita. Kule Paris mpandaji amefungwa mkanda kiunoni na mapajani, kamba juu, madaktari pembeni, magodoro. Huku mkwezi ana kipande cha usumba miguuni ambacho kinamsaidia kupanda lakini hakimzuii kuanguka hata kidogo. Akiteleza kwa mvua, au kuti bovu likimtoka mkononi, ni mita 20 hadi chini. Mchuma karafuu naye hali ni hiyohiyo, mbaya zaidi pengine, kwa sababu karafuu nzuri ziko kwenye ncha za matawi, tawi la mkarafuu ni jepesi kuvunjika, na mkono mmoja una upembo na mwingine una karafuu. Watu wanaanguka kila msimu. Jambo hili linajulikana kiasi kwamba Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, limekuwa likitoa fidia kwa wachumaji walioanguka mikarafuu. Ni jema, silipingi. Lakini fidia inakuja baada ya uti wa mgongo kuvunjika. (Na hospitali yetu kubwa kuliko zote inaitwa Mnazi Mmoja. Sijui nicheke au nilie.)

Wadau, huoni ajabu? Wazungu wamechukua kupanda, kazi ya watu maskini, wakaifanya mchezo, na kwa sababu ni mchezo wa watu wenye pesa zao wakauwekea kamba. Sie tulio na kazi yenyewe tumebaki na kazi bila kamba. Halafu tunaiona video, na tunachokijadili ni nani ana mikono minene!

Wengine watasema kamba itamchelewesha mkwezi, analipwa kwa mti. Ni hoja ya kweli, sitaki kuidharau. Anayelipwa kwa mti akipoteza dakika mbili kila mnazi, kufika jioni amepoteza minazi kadhaa. Lakini tazama mafundi wa umeme. Fundi akipanda nguzo anajifunga mkanda unaozunguka nguzo, anausogeza juu kila anapopanda, na hakuna anayesema mkanda unamchelewesha. Mnazi ni nguzo yenye nazi. Mkanda wa namna hiyo, kamba fupi inayozunguka shina, unawezekana leo, haungoji mtaalamu kutoka nje. Mkarafuu ndiyo mgumu zaidi kwa sababu ya matawi, pale unataka kamba ipitishwe kwenye panda imara juu na mtu wa kuishika chini, yaani kama ukuta wa ndani kabisa.

Na India wameshatangulia. Jimbo la Kerala, ambako minazi ni uchumi kama kwetu karafuu, walifika mahali vijana hawataki tena kukwea. Mwaka 2011 Bodi ya Maendeleo ya Nazi ya India ikaanzisha mpango wenye jina la "Marafiki wa Mnazi", wa kuwafundisha vijana kupanda kwa kifaa cha vyuma viwili vinavyoubana mti. Kile kifaa unakikanyaga, mguu huu, mguu ule, kama unapanda ngazi. Wakawatia na bima ya ajali. Na waliojifunza si wanaume peke yao, wanawake wengi wamefundishwa na wanakwea kwa malipo. Mikono yao ni ya kawaida, kifaa chenyewe kinapandwa kwa miguu, na mashina ya Kerala ni marefu kama ya Jambiani.

Ndiyo maana ninapoona msichana ananyamazishwa kwa sababu ya mikono yake, siioni kama mzaha mdogo wa jioni. Kauli hiyohiyo imewafanya watu waamini kukwea ni nguvu na ujasiri wa kiume, na anayeuliza habari za kamba anaonekana mwoga. Yule kijana wa shamba ataiogopa hiyo aibu kuliko atakavyoogopa mita 20. Tungekubali tangu mwanzo kwamba kukwea ni ufundi wa miguu na utulivu, kamba ingekuwa sehemu ya ufundi, kama jembe na mpini wake.

Pendekezo langu sasa, na naliandika hapa ili mnishike nalo. Chuoni kwetu tutengeneze ukuta mdogo. Si jimu la Dubai. Mita tatu na nusu kwenda juu, mita nne upana, plaiwudi nene ya milimita 18 iliyofungwa kwenye fremu ya mbao ngumu, upande mmoja ulale kidogo kwa nyuma kwa wanaoanza, upande wa pili uwe wima. Vishikio tuchonge wenyewe kwa vipande vya mbao vilivyobaki kwa maseremala wa mjini, tuvipige msasa vizuri visitoe vibanzi, tuvifunge kwa bolti na nati, misumari mitupu hapana. Chini magodoro yaliyounganishwa pasiwe na upenyo wa mguu kuingia baina yake, maana vifundo vingi vya miguu huteguka humo na si ukutani. Siku moja ya wiki iwe ya wanawake peke yao, mlango ufungwe, watu wapande kwa raha zao. Na siku moja tuwaalike wakwezi wa mashamba ya jirani waje kutufundisha miguu, tuwalipe kama wanavyolipwa walimu wa kualikwa, na sie tuwaoneshe mkanda na mafundo ya kamba. Tukikosea hesabu ya mbao kuna wanafunzi wa uhandisi mle ndani, waamke.

Neno la mwisho ni kuhusu kamba, kwa sababu nimeshaulizwa mara mbili na jibu lake linaweza kumuua mtu. Kamba ya jahazi au ya nailoni inayouzwa dukani kwa ajili ya mizigo ISITUMIKE kumkinga mtu asianguke. Haijanyumbuka. Ukianguka mita mbili ikakukaza ghafla, mshtuko wote unakwenda kiunoni na mgongoni mwako. Kamba ya kupandia inafumwa mahsusi ili inyumbuke na kupoza ule mshtuko, ina alama ya ukaguzi, na ina umri: ikikaa juani na kwenye chumvi yetu hii miaka kadhaa, hata kama inapendeza machoni, inastaafishwa. Ule mkanda wa kuzunguka nguzo nao si wa kuangukia, kazi yake ni kumshikilia mtu muda wote ukiwa umekazika. Kwa hiyo mwenye ndugu Nairobi au Dubai anayerudi likizo, muulizeni kama ana nafasi ya kilo nne kwenye begi, na mwambieni anunue mpya dukani, si ya mtu.